Maswali ya Wasomaji: Ukuta, Uzio na Mgogoro wa Waisraeli na Wapalestina

Barua nyingi zimetufikia zikiuliza jambo moja kwa njia mbalimbali: vizuizi ambavyo Israeli imejenga katika Ukingo wa Magharibi na kuuzunguka Ukanda wa Gaza vimebadilisha nini katika mgogoro huu? Tumechagua barua sita, na tumezijibu kwa kirefu au kwa kifupi kadiri kila swali lilivyodai.

Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu wa historia. Darasani kwangu mjadala umekwama. Kundi moja linashikilia kwamba ukuta ulijengwa ili kuwazuia walipuaji wa mabomu, na jingine linasema ulijengwa ili kutwaa ardhi. Niwaambie nini wanafunzi wangu?

Ndugu Mwalimu, waambie kwamba kila kundi limeshika upande mmoja wa ukweli, kisha watandazie ramani mezani, kwa kuwa jibu la swali lao limo katika njia ambayo kizuizi hicho kimepita.

Wazo la kuwatenganisha watu wa pande hizi mbili lilizungumzwa na viongozi wa Israeli tangu miaka ya 1990, lakini lililoligeuza kuwa waya na zege ni intifada ya pili, yaani uasi wa Wapalestina dhidi ya Israeli, iliyoanza Septemba 2000. Mabasi, migahawa na masoko ya Israeli yalilipuliwa mfululizo. Tarehe 27 Machi 2002, watu wakiwa wameketi kwenye karamu ya Pasaka ya Kiyahudi, mshambuliaji aliingia katika Hoteli ya Park mjini Netanya, akajilipua na kuua watu 30, wengi wao wazee. Alitoka Tulkarem, mji wa Ukingo wa Magharibi ulio karibu na Netanya. Mwezi Juni mwaka huohuo serikali ya waziri mkuu Ariel Sharon iliidhinisha ujenzi. Ni vyema wanafunzi wajue kwamba Sharon mwenyewe hakuupenda mpango huo mwanzoni, na viongozi wa walowezi, yaani Waisraeli wanaoishi katika makazi yaliyojengwa ndani ya Ukingo wa Magharibi, waliupinga, kwa sababu waliogopa kwamba mstari wowote utakaochorwa ardhini ungegeuka kuwa mpaka na kuyaacha baadhi ya makazi yao nje. Shinikizo lilitoka kwa wananchi wa kawaida waliokuwa wakizika ndugu zao.

Uamuzi wa kujenga ulipokwisha kupitishwa, mvutano ulihamia kwa wachora ramani. Mstari wa Kijani, yaani mstari wa kusitisha mapigano wa mwaka 1949 unaoutenga Ukingo wa Magharibi na Israeli, una urefu wa takriban kilomita 320. Njia iliyopangwa ya kizuizi inazidi kilomita 700, kwa sababu inajipinda na kuingia ndani ili kuyazunguka makazi ya walowezi kama vile Alfei Menashe, na mipango yake iliingia ndani zaidi ili kuyafikia makazi ya Ariel na Ma'ale Adumim. Asilimia 85 hivi ya njia hiyo imo ndani ya Ukingo wa Magharibi. Kusudi lingekuwa kuwazuia washambuliaji wasiingie Israeli na hakuna jingine, mstari mfupi, wenye gharama ndogo na ulio rahisi kulindwa ulikuwapo tayari. Ndiyo maana nasema hofu ilikuwa ya kweli, na ardhi ilichukuliwa chini ya kivuli cha hofu hiyo.

Waonyeshe pia kizuizi chenyewe kilivyo, maana picha za magazetini hupotosha. Sehemu kubwa ya urefu wake ni uzio wenye vifaa vya kielektroniki vinavyotambua mguso, ukiwa na mtaro, seng'enge, barabara ya doria, na ukanda wa mchanga unaosawazishwa ili nyayo za mtu aliyevuka zionekane. Yote hayo kwa pamoja huchukua upana wa makumi ya mita, na kila mita ni shamba la mtu. Ukuta wa zege wenye urefu wa takriban mita 8 umejengwa mijini, kwa mfano Qalqilya, Bethlehem na Jerusalem.

Naomba jibu la moja kwa moja. Uzio huo uliokoa maisha au haukuokoa?

Uliokoa. Mashambulizi ya kujitoa mhanga yalifikia kilele mwaka 2002, na katika miaka iliyofuata, kadiri uzio ulivyorefuka, yalipungua mno. Mtu asiyekubali hilo hawezi kuelewa kwa nini Waisraeli wengi, wakiwamo wanaopinga ulowezi, hawako tayari kusikia habari ya kuubomoa.

Hata hivyo, uzio haukufanya kazi peke yake. Jeshi la Israeli liliingia tena katika miji ya Wapalestina mwaka 2002 na likaendelea na misako na ukamataji wa usiku, idara ya usalama ya Shin Bet ilijenga upya mtandao wake wa taarifa, kiongozi wa Wapalestina Yasser Arafat alifariki Novemba 2004 na nafasi yake ikachukuliwa na Mahmoud Abbas aliyepinga waziwazi matumizi ya silaha, na mwaka 2005 hata Hamas, kundi la Kipalestina lenye silaha, walikubali kutuliza mapigano kwa muda. Zaidi ya hayo, kizuizi hakijakamilika mpaka leo. Takriban theluthi moja ya njia iliyopangwa haijajengwa. Kwa miaka mingi maelfu ya vibarua wa Kipalestina wasio na vibali walipita kwenye mianya yake kila siku kwenda kutafuta riziki Israeli, na wanajeshi waliijua mianya hiyo. Ilichukua hadi majira ya kuchipua ya mwaka 2022, baada ya washambuliaji waliopitia hukohuko kuua watu Bnei Brak na Tel Aviv, ndipo jeshi likapelekwa kwa wingi kuiziba. Uzio wenye mianya ambao kwa miaka mingi uliambatana na utulivu unatufundisha kwamba utulivu huo ulikuwa na mizizi mingine pia.

Mimi ni mkulima. Nimesoma kwamba Wapalestina wengine mashamba yao yako upande wa pili wa uzio. Mtu analimaje shamba la namna hiyo?

Ndugu Mkulima, swali lako linagusa mahali ambapo mgogoro huu unaishi kila siku, mbali na kamera.

Pale ambapo kizuizi kimeingia ndani ya Ukingo wa Magharibi, ardhi hubaki kati yake na Mstari wa Kijani. Mwaka 2003 jeshi lilianza kuitangaza ardhi hiyo kuwa eneo lililofungwa. Mpalestina anahitaji kibali cha jeshi ili aingie humo, hata kama ni shamba alilorithi kwa babu yake, na wanaoishi humo wanahitaji kibali cha kuendelea kulala katika nyumba zao wenyewe. Raia wa Israeli, na Myahudi yeyote mwenye haki ya kuhamia Israeli, haguswi na sharti hilo. Katika kijiji cha Jayyus, karibu na Qalqilya, sehemu kubwa ya mashamba pamoja na visima vya kumwagilia ilibaki upande huo.

Mwenye kibali huenda kwenye lango la kilimo. Yako malango yanayofunguliwa kila siku, yako ya siku chache kwa wiki, na mengi hufunguliwa katika msimu wa kuvuna zeituni tu, mwezi Oktoba na Novemba. Hata lango la kila siku huwa wazi kwa muda mfupi asubuhi, pengine adhuhuri, kisha jioni. Wakulima hufika mapema na punda au trekta zao na kusubiri gari la jeshi. Askari hushuka, hufungua kufuli, hukagua karatasi za mmoja baada ya mwingine, hufunga na kuondoka. Aliyeumwa saa 4 asubuhi hana budi kungoja ufunguzi unaofuata. Kijana mwenye nguvu za kupanda mti anaweza kunyimwa kibali kwa sababu za usalama zisizoelezwa, huku mama yake mzee akipewa.

Wewe unajua kwamba mti hautunzwi siku ya mavuno pekee. Mzeituni unahitaji kulimiwa, kupogolewa na kuondolewa magugu ambayo kiangazi hukauka na kuwa kuni za moto wa shamba zima, na lango linalofunguliwa wiki chache kwa mwaka halitoi nafasi ya kazi hizo. Mavuno hupungua sana ukilinganisha na ya miti iliyo upande wa kijijini, na wengi wameacha mboga na mapera, mazao yanayodai mkono wa mkulima kila siku, wakabaki na mizeituni inayovumilia upweke. Halafu linakuja jambo zito kuliko yote. Israeli hutumia katika Ukingo wa Magharibi sheria ya ardhi ya dola ya Osmani ya mwaka 1858, ambayo kwa mujibu wake ardhi isiyolimwa kwa miaka kadhaa inaweza kutangazwa kuwa mali ya serikali, na ardhi iliyotangazwa hivyo ndiyo msingi ambao makazi mengi ya walowezi yamejengwa juu yake. Kwa hiyo mkulima anayekata tamaa na foleni ya langoni hapotezi magunia ya zeituni tu. Anafungua mlango wa kupoteza shamba. Hata aliyegawana urithi na ndugu zake akabakiwa na kipande kidogo ameweza kukataliwa kibali kwa hoja kwamba kipande hicho ni kidogo mno kuhitaji kulimwa.

Baada ya Hamas kuishambulia Israeli tarehe 7 Oktoba 2023, msimu wa mavuno ukianza, malango mengi yalifungwa kabisa, na familia nyingi zilishindwa kuifikia miti yao iliyokuwa imejaa zeituni.

Mabadiliko ninayotaka uyaone ni haya: ugomvi kati ya taifa na taifa umevunjwavunjwa ukawa maelfu ya maombi ya mtu mmojammoja mbele ya dirisha la ofisi ya jeshi. Kibali kikawa silaha, kwa sababu hutolewa na huondolewa, na anayekisubiri hujichunga hata katika anayoyasema.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Tuliambiwa uzio wa Gaza ulikuwa miongoni mwa mipaka iliyolindwa sana duniani. Ilikuwaje ukavunjwa kwa asubuhi moja?

Marahaba, mwanangu. Ili uelewe asubuhi ile, turudi nyuma kidogo.

Gaza ilizungushiwa uzio katikati ya miaka ya 1990, na katika intifada ya pili wengi wa walipuaji walioingia Israeli walitoka Ukingo wa Magharibi uliokuwa wazi. Watetezi wa ukuta waliutumia mfano huo kama ushahidi wao mkubwa. Lakini makundi yenye silaha ya Gaza hayakukaa yakiutazama uzio. Walianza kurusha maroketi mwaka 2001, kwa kuwa roketi haihitaji kupita langoni. Walichimba mahandaki, na Juni 2006 walitokeza kwa chini karibu na Kerem Shalom, wakaua askari wawili na kumteka Gilad Shalit, ambaye aliachiwa mwaka 2011 kwa kubadilishana na wafungwa zaidi ya 1,000. Israeli nayo ikajibu kila hatua: mwaka 2007 Hamas walipoitwaa Gaza ikakaza mzingiro, mwaka 2011 ikaanza kutumia mfumo wa Iron Dome wa kudungua maroketi, na Desemba 2021 ikatangaza kukamilika kwa kizuizi kipya chenye urefu wa kilomita 65, kilichogharimu shekeli bilioni 3.5 hivi, chenye ukuta wa chini ya ardhi wa kuzuia mahandaki, uzio wa juu wa mita 6, rada, kamera, na bunduki zinazoendeshwa kutoka mbali.

Huo ndio mwendo wa mambo ninaotaka uushike: kila kizuizi kilipofunga njia moja, mpinzani alitafuta nyingine, na aliyekijenga akazidi kuamini kwamba mashine imechukua nafasi ya askari na ya mazungumzo kwa pamoja.

Asubuhi ya tarehe 7 Oktoba 2023, chini ya maelfu ya maroketi, droni ndogo za Hamas zilidondosha mabomu juu ya minara yenye kamera, vyombo vya mawasiliano na bunduki hizo. Kizuizi kikapofuka, kisha kikakatwa kwa baruti na matingatinga katika sehemu nyingi kwa wakati mmoja, huku wapiganaji wengine wakiruka juu yake kwa miavuli yenye injini. Ukuta wa chini ya ardhi haukusaidia kitu, maana safari hii walipita juu. Askari wa kike wa kituo cha Nahal Oz, ambao kazi yao ilikuwa kutazama skrini za kamera hizo, walikuwa wametoa taarifa za mazoezi yasiyo ya kawaida ng'ambo ya uzio kabla ya siku hiyo, na hawakusikilizwa ipasavyo. Wengi wao waliuawa au kutekwa. Watu wapatao 1,200 waliuawa Israeli siku hiyo na 251 walichukuliwa mateka. Vita vilivyofuata vimeua makumi ya maelfu ya Wapalestina wa Gaza, wakiwamo watoto wengi mno, na vimeifanya sehemu kubwa ya makazi yao kuwa kifusi.

Nisisitize jambo moja. Mauaji ya raia siku ile ni uovu wa walioufanya, na hayafutwi na mzingiro. Wala mzingiro wa watu zaidi ya milioni mbili kwa miaka 16 haufutwi na mauaji hayo. Kizuizi kilichangia kwa njia yake: kiliwawezesha viongozi wa Israeli kuamini kwamba Gaza inaweza kuachwa ilivyo, ikifunguliwa kidogo kwa vibali na fedha na kufungwa tena, bila mtu yeyote kuulizwa hatima ya watu waliomo. Na somo hilo bado halijaingia, kwa kuwa makubaliano ya kusitisha mapigano ya Oktoba 2025 yenyewe yalichora mstari mwingine ndani ya Gaza, ulioitwa mstari wa manjano, ambao uliacha zaidi ya nusu ya eneo hilo mikononi mwa jeshi la Israeli.

Mpendwa mhariri, majirani wasiopatana wakijengewa ua katikati hutulia. Kwa nini tusiseme hivyo kuhusu Waisraeli na Wapalestina?

Mfano wako ungefaa kama ua ungekuwa umewatenga. Haukuwatenga. Walowezi wapatao nusu milioni wanaishi Ukingo wa Magharibi, bila kuhesabu wale wa Jerusalem Mashariki, na makumi ya maelfu kati yao wako mashariki ya kizuizi, katikati ya vijiji vya Wapalestina, wakilindwa na jeshi ambalo huvuka wakati wowote linapotaka. Anayezuiwa ni wa upande mmoja.

Hata Wapalestina wametengwa na Wapalestina. Mtaa wa Kafr Aqab uko ndani ya mipaka ya manispaa ya Jerusalem lakini ukuta umeuacha nje, upande wa Ramallah. Wakazi wake hulipa kodi ya jiji, hupata huduma duni, na hupanga foleni katika kituo cha ukaguzi cha Qalandia ili waingie katika jiji ambalo kwa karatasi ni lao. Wengi huishi hapo kwa sababu wakihamia mbali zaidi wanaweza kuvuliwa haki ya ukaazi wa Jerusalem, na nyumba za ndani ya ukuta ni ghali kupita uwezo wao.

Kilichopungua kwa hakika ni kuonana. Kabla ya mwaka 2000 Waisraeli wengi walikwenda Qalqilya siku za Jumamosi kununua mboga na kutengeneza magari, na Wapalestina wengi walijifunza Kiebrania kazini na sokoni. Leo kijana wa Nablus aliyezaliwa baada ya intifada ya pili anaweza kufikia utu uzima akiwa hajakutana na Mwisraeli ila askari au mlowezi, na kijana wa Tel Aviv anaweza kumaliza shule bila kuzungumza na Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi hata siku moja, mpaka apewe bunduki na kusimamishwa langoni. Majira ya joto ya mwaka 2011 mamia ya maelfu ya Waisraeli waliandamana kwa wiki kadhaa kudai nafuu ya maisha na ya kodi za nyumba, na suala la Wapalestina halikuwa miongoni mwa madai yao. Siwalaumu kwa kudai nyumba. Nasema kwamba ukuta uliufanya utawala juu ya watu wengine kuwa jambo ambalo mtu anaweza kuishi kilomita chache kutoka kwake asilione, na jambo lisiloonekana halimsumbui mpiga kura.

Je, sheria inasemaje, na ukuta huo unaweza kuja kuwa mpaka wa kudumu?

Tarehe 9 Julai 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa kura 14 dhidi ya 1, ilitoa maoni kwamba ujenzi ndani ya ardhi ya Wapalestina inayokaliwa, pamoja na Jerusalem Mashariki, ni kinyume cha sheria ya kimataifa, na kwamba Israeli inapaswa kuusimamisha, kuvunja kilichojengwa humo na kulipa fidia. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliyaunga mkono maoni hayo mwezi huohuo kwa kura 150. Yalikuwa maoni ya ushauri, na Israeli haikuyafuata.

Mahakama Kuu ya Israeli ilichukua njia nyingine. Tarehe 30 Juni 2004, chini ya jaji Aharon Barak, iliamua kesi iliyofunguliwa na kijiji cha Beit Surik. Ilikubali kwamba jeshi linaweza kujenga kwa sababu za usalama, lakini ikafuta takriban kilomita 30 kati ya 40 zilizobishaniwa, kwa kuwa madhara kwa wanakijiji yalizidi kiasi. Maofisa wastaafu wa jeshi la Israeli walifika mahakamani na ramani yao, wakieleza kwamba njia iliyo mbali zaidi na mashamba ingelinda vilevile. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haki kwa Beit Surik, na wakati huohuo yenye madhara ya muda mrefu, kwa sababu iliuhamisha mjadala kutoka swali la iwapo mstari huo una haki ya kuwa ndani ya Ukingo wa Magharibi hadi swali la mita ngapi huku na mita ngapi kule.

Serikali ya Israeli iliieleza mahakama kwamba kizuizi ni cha muda na hakina siasa ndani yake, ilhali mwaka 2005 waziri wake wa sheria, Tzipi Livni, alikiri hadharani kwamba njia yake ingekuwa na athari kwa mpaka wa baadaye. Mistari ya namna hii huwa mipaka polepole, kupitia barabara, mabomba na nyumba zinazojengwa kwa kuitegemea.

Hata hivyo imewahi kusogezwa. Kijiji cha Bil'in, magharibi ya Ramallah, kilianza mwaka 2005 kuandamana kila Ijumaa, wanakijiji wakiwa pamoja na Waisraeli na wageni waliokuja kuwaunga mkono, na kikaenda mahakamani pia. Septemba 2007 majaji waliamua kwamba njia ya uzio hapo ilichorwa kwa ajili ya kupanua makazi ya Modi'in Illit, na wakaagiza ibadilishwe. Jeshi lilichukua karibu miaka minne kutekeleza amri hiyo. Mwaka 2011 uzio uling'olewa, wanakijiji wakarudi katika sehemu ya ardhi yao, na ukuta wa zege ukajengwa magharibi zaidi, karibu na nyumba za walowezi, ukiiacha sehemu iliyobaki ya ardhi hiyo ng'ambo.